Mpishi Aliyewanywesha Wazazi Uji Mweupe

Saa kumi na mbili asubuhi, moshi mzito unapaa nyuma ya jiko la shule moja ya msingi pembeni mwa Makote, Newala. Dominika, ambaye kijiji kizima humwita Mama Dastani, anageuza korosho juu ya bati lililotobolewa, uso kaugeuzia mbali na moto. Mafuta ya maganda yakiruka hayachagui shavu.

"Sogeeni huko!" anawafokea watoto waliowahi usafi. "Hapa hapachezwi ngoma."

Zikiiva atazibangua, atazitwanga, kisha atazikoroga ndani ya uji wa makopa, ile mihogo mikavu. Vidole vyake ni vyeusi hadi kwenye kucha, naye anavionyesha kama bibi harusi anavyoonyesha hina. Msimu uliopita vilikuwa safi, na watoto walikuwa wanakonda.

Anawapikia watoto wa hapa tangu miaka ya themanini, bei ya korosho ilipoanguka hadi watu wakaacha kupalilia mikorosho. Sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Lakini korosho zilizokosa mnunuzi ziliishia kwenye kisamvu.

"Watoto walinona, mwanangu," anasema. "Mtoto wa Makote akidondoka mkoroshoni yeye ananyamaza, ardhi ndiyo inalia. Alikuwepo mmoja ana mashavu, akicheka asubuhi, macho yake tunayaona tena saa nane."

Kisha biashara ikafunguliwa. Malori ya watu binafsi yakapanda kutoka Mtwara, kila mnunuzi na mizani yake. Nyumba zikavaa bati, redio zikaimba hadi mashambani. Na kila korosho, hata ile iliyosinyaa, ikaingia guniani. Chunguni ukabaki muhogo peke yake.

Nuria, muuguzi wa zahanati anayepima watoto uzito kila muhula, anasema mwaka jana karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa na uzito pungufu.

"Nilidhani mizani yangu imeharibika," anasema. "Nyumba zenye bati jipya ndizo zilizoniletea mikono myembamba."

Msimu huu kamati ya shule ilipanga kuuza mavuno yote ya shamba la shule ili ofisi ya mwalimu mkuu iezekwe. Dominika akaomba mikorosho michache ibaki kwa ajili ya uji. Mwenyekiti, Felician, alimcheka mbele ya watu.

"Mama Dastani, korosho ni pesa. Unataka tupike noti?"

Dominika akarudi jikoni. Kazi yake, inayomletea debe la mahindi na shilingi elfu tatu kwa mwezi, haina kiti kwenye kamati. Ina sufuria tu.

Alhamisi ya mkutano, wazazi walikuja na njaa yao kamili. Mkutano wa wazazi huwa na wali. Hilo halina mjadala. Saa nne Dominika akawapitishia vikombe vya watoto: uji wa makopa mtupu, mweupe, mwepesi kiasi cha mtu kujitazama humo akachana nywele.

"Shikamoo, Baba Ursula. Karibu," alimwambia mwenyekiti.

"Marahaba. Wali uko wapi?"

"Unakuja. Watoto wanavumilia hadi saa nane na nusu, sembuse nyinyi wenye ndevu?"

Kufikia saa sita, miayo ilikuwa inazunguka chumba kama sahani ya sadaka. Saa saba mwenyekiti alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Dominika akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Mwenyekiti! Saba mara nane?"

Felician akakurupuka. "Hamsini... hamsini na ngapi vile?"

"Apande juu ya dawati!" ikapaza sauti ya mama mmoja nyuma, na kicheko kikatikisa madirisha.

Felician peke yake hakucheka. Binti yake Ursula, wa darasa la tatu, alikuwa akichapwa kwa kulala darasani. Na akirudi nyumbani, baba alimwongezea.

"Kumbe," alisema taratibu, "nimekuwa nikiichapa njaa."

Kamati ikatenga mikorosho kumi, ile ya upande wa barabarani, kwa msimu mmoja. Sehemu ya bati la ofisi itasubiri. Wali nao ukatoka stoo, ulikokuwa umefichwa chini ya majani ya mgomba.

"Ningewanyima kabisa wangenifukuza kazi," anasema Dominika, akifuta machozi ya moshi.

Vita havijaisha. Mnunuzi mmoja hupita kila wiki kuuliza kama korosho za mikorosho ile kumi zinauzwa, na wapo wajumbe wanaomsikiliza kwa makini. Zaidi ya hapo, uji ni wa saa nne tu; jioni mtoto anakula kwao. Ndiyo maana Dominika sasa anapanga kupita nyumba kwa nyumba, akiomba kila mama afiche debe moja la korosho kabla lori halijafika.

"Nuria atarudi muhula ujao na mizani yake," anasema, akimimina korosho mbichi nyingine juu ya bati. "Mimi sina mizani. Nasubiri mmoja adondoke mkoroshoni, nisikie ardhi inalia."