Nguvu za Kumsimamisha Dereva

Kiwanda kizima cha sare za shule kilimwita Sindano, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa mwembamba, ulimi mkali, na alikuwa ameinamia cherehani miaka mingi hata mgongo wake ukaanza kufanana na kiti anachokalia. Mumewe aliendesha malori ya mizigo. Pande la mtu, mabega yanaziba mlango. Wakipita pamoja watu walitania kwamba sindano imeolewa na gunia, naye hujibu, "Na gunia lisiposhonwa, mtaweka wapi mahindi yenu?"

Asubuhi moja Dereva, maana hata nyumbani aliitwa hivyo, alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo. Sindano alisikia wembe ukidondoka kwenye beseni, kisha kishindo. Alimkuta sakafuni, shavu moja lina povu la sabuni, la pili limelegea kama pindo lililofumuliwa. Kiharusi. Hospitali ilimrudisha akiwa hai, lakini upande wa kulia haukumtii tena, na maneno yalikuwa yamemwishia kinywani. Akitaka maji alitoa sauti moja. Akitaka kugeuzwa, sauti ileile.

Mwanzoni nyumba ilijaa watu. Mashemeji na madereva wenzake walipokezana kuja kumwinua asubuhi na kumkalisha kwenye kiti, jioni wakamrudisha kitandani. Lakini ugonjwa ukiwa mrefu watu huanza kupungua mmojammoja, kila mmoja na udhuru wake wa kweli. Ikafika asubuhi ambayo hakutokea mtu. Saa ya kazi inakaribia, Sindano akapitisha mikono kwapani mwa mumewe, akavuta. Akamnyanyua nusu. Mgongo ukagoma, magoti yakafuata, wakaenda chini wote wawili, mke chini, mume juu.

Hakuumia sana, ila hakuweza kujinasua. Walilala hivyo kwenye saruji, shavu kwa shavu, mpaka jirani aliposikia akaja. Alichokumbuka Sindano baadaye si maumivu. Ni machozi ya mumewe, yaliyokuwa yanamwingia yeye sikioni, naye hana mkono ulio huru wa kumfuta.

Jioni dada yake mkubwa alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukaa.

"Mdogo wangu, nitasema, ukitaka nichukie. Mpeleke kwa kaka zake. Kule wanaume wapo. Wewe utavunjika, tuwe na wagonjwa wawili."

"Dada, yule si kabati."

"Najua si kabati. Kabati halilii."

Wote wawili wakageukia chumbani. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi.

Kulikuwa na daktari wa viungo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, aliyekuja mara moja kwa wiki kumnyoosha Dereva mkono na mguu. Habari za kuanguka alizipata kwa jirani. Safari hiyo aliweka mkoba chini na hakumgusa mgonjwa.

"Leo nimekuja kwa ajili yako, mama. Hebu chuchumaa."

Sindano akachuchumaa.

"Sasa inuka bila kushika kitu."

Akajaribu. Mkono wenyewe ukaenda kudaka kitanda.

"Umeona? Unataka kumbeba mtu aliyekuzidi uzito, na wewe mwenyewe hujibebi. Kumwinua kuna mbinu, nitakufundisha. Lakini mbinu bila misuli ni porojo. Nataka mazoezi siku sita kwa wiki, makali, si ya kujipumbaza. Utanitukana."

"Daktari, wiki yangu imejaa pomoni. Nitayachomeka wapi?"

"Kitambaa kikipungua, nyie mafundi hufanyaje?"

Sindano alimtazama. "Tunaunga vipande."

"Basi unga."

Akaunga. Alfajiri, kabla ya kumwosha mumewe na kumlisha uji, alitandika mkeka kando ya kitanda: kuchuchumaa na kuinuka, kulala chali na kuinua kiuno, kisha pushapu, za ukutani kwanza, baadaye za mezani, mwisho za sakafuni. Kazini, majora ya vitambaa yalipandishwa ghorofani na wapagazi. Akaomba ya kwake ayapandishe mwenyewe. Wenzake walidhani amerogwa. Mapumziko ya mchana, wengine wakiota jua uani, yeye alipanda na kushuka ngazi akiwa amekumbatia mfuko wa vipande vya vitambaa kifuani. Jumamosi ilikuwa ya kufua, basi akaigeuza: ndoo mkono huu, ndoo mkono ule, kutoka bombani hadi uani, mgongo wima, bila kutua. Jumapili daktari alimkataza kabisa, akisema msuli hujengeka mtu akilala.

Ikisemwa hivi inaonekana rahisi. Haikuwa. Shule zilipokaribia kufunguliwa kiwanda kilitaka sare usiku na mchana, akawa anarudi vidole vimevimba, na asubuhi moja alisinzia palepale kwenye mkeka, uso chini, hata uji ukaungua. Wiki hiyo aliacha kila kitu. Kuanza tena kulimwia kugumu kuliko kuanza.

Lililomuuma zaidi lilikuwa jingine. Kila alipotandika mkeka, Dereva aligeuza uso ukutani. Hakukosa hata siku moja. Sindano alivumilia, alivumilia, mpaka siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Unanionaje wewe? Unadhani napenda kurukaruka kama chura, umri huu? Nitazame basi! Ukishindwa kunishukuru, nitazame!"

Mabega makubwa yakaanza kutikisika chini ya shuka. Ndipo alipotambua kwamba mumewe hakuwa na dharau. Alikuwa na haya. Mtu aliyefunga turubai za malori kwa mikono yake anamwona mkewe akihema sakafuni ili aweze kumpeleka chooni. Sindano akakaa kitandani, akamshika ule mkono uliokufa. Uji siku hiyo waliunywa umepoa.

Kesho yake Dereva hakugeuka ukutani. Alimtazama tu, jicho moja limelegea, jingine kali kama zamani. Sindano alichuchumaa na kuinuka akihesabu kwa sauti, na kwa sababu alikuwa anatazamwa akapotea hesabu katikati.

"Nane," ilisema sauti kutoka kitandani.

Alidhani ni jirani. Akageuka.

"Tisa," alisema Dereva, mdomo umepinda, macho yamemtoka yeye mwenyewe kwa mshangao. "Kumi."

Sindano hakumaliza mazoezi siku hiyo.

Daktari aliposimuliwa alifurahi, lakini akamvuta Sindano pembeni. Alieleza kwamba mtu wa kiharusi anaweza kupoteza maneno yote akabakiwa na yale yaliyozoea kufuatana, kama namba au sala. Huenda mengine yakarudi, huenda yasirudi. "Usijenge ghorofa juu ya neno moja, mama."

Hayakurudi. Mpaka mwisho Dereva hakuweza kuomba maji wala kutaja jina la mkewe. Lakini kuhesabu alihesabu, na akawa msimamizi mkali kuliko daktari. Kuna asubuhi alifika tisa akakwama. "Tisa," Sindano akainuka. "Tisa." Akainuka tena, mapaja yanawaka moto. "Tisa." Alipogeuka kumhurumia aliona nusu ya uso inacheka.

"Mshenzi wewe!" alisema, akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu wembe udondoke kwenye beseni, hakikuwa kimesikika kicheko ndani ya nyumba ile.

Kiwandani nako utani ulibadilika. Mkata vitambaa alipomwona anapita na majora mawili begani alisema, "Jamani, huyu si sindano tena. Hii ni shazia, ile ya kushonea magunia."

Siku daktari aliporidhika, hakukuwa na sherehe. Alisimama kando, mikono nyuma. "Miguu yako nje ya miguu yake. Goti lako lizuie goti lake. Usimvute, mwegemeze kwako, halafu sukuma ardhi."

Sindano akainama kwa magoti, si kwa mgongo. Akamkumbatia mumewe kiunoni.

"Moja," alisema Dereva. "Mbili. Tatu."

Wakasimama.

Kiti kilikuwa hapo tu, ni kumgeuza kidogo na kumkalisha. Lakini Sindano hakugeuka. Tangu kuugua, hawakuwa wamesimama pamoja hata mara moja. Alikuwa amemwosha, amemlisha, amelala ubavuni mwake, na alikuwa amesahau kwamba kichwa chake hufika kifuani pa huyu mtu. Kidevu cha mumewe kilishuka, kikatulia utosini pake. Alisikia moyo ukigonga. Daktari aligeukia dirishani akawa anapanga vitu vyake ndani ya mkoba, vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Kuanzia hapo hawakumngoja mtu. Asubuhi Dereva alikaa barazani akitazama barabara, jirani akimtupia macho mchana, na Sindano akaenda kazini bila roho kuwa juu. Walipata miaka miwili ya namna hiyo. Katika wa pili, kiharusi kingine kilimjia akiwa kwenye kiti kilekile, kimyakimya, mkewe akimmiminia maji ya kunawa. Alipoinua macho, mumewe alikuwa ameshaondoka.

Watu walijaa tena. Dada mkubwa alifika mbio, kanga begani, akaona hali, akaita uani, "Njooni wanaume, tumwingize ndani!"

"Subirini," alisema Sindano.

"Mdogo wangu, maiti ni nzito."

"Najua."

Dada alimtazama kitambo, kisha akanyoosha mkono kuwazuia wale waliokwisha kupanda barazani. Sindano akaweka miguu yake nje ya miguu ya mumewe. Akamwegemeza kifuani. Safari hii hakuna aliyehesabu. Akasukuma ardhi, wakasimama, akamgeuza polepole, hatua kwa hatua mpaka chumbani, akamlaza, akamnyoosha mkono wa kulia, akamfunika. Dada alikuwa nyuma yake njia nzima, mikono mbele, tayari kudaka, na hakudaka kitu.

Matanga yalipoisha alirudi kwenye cherehani. Alfajiri bado aliamka saa zilezile. Mkeka hakuutandika, si wiki ile, wala iliyofuata. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka kukapambazuka, kisha akaenda kuchota maji.