Akina Müller Tusiokula Maharage

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba Wajerumani wote wanaoitwa Müller walizaliwa na mzee mmoja. Mzee huyo, kama nilivyoelezwa na mbadilisha fedha mmoja pale mpakani Kabanga, alikuwa na wake arobaini, na alipokaribia kufa aliwaita wanawe wote, wakajaa bonde zima, akawagawia nusu ya Ujerumani. Mbadilisha fedha aliyasema hayo akisubiri basi la kutoka Burundi, hana kazi nyingine ya kuupa mdomo wake. Mimi niliyapokea kama Injili, tena nikayaongezea. Hadi nafika nyumbani Murukulazo, wake walikuwa wameshafika sitini.

Nilikuwa na sababu ya kuamini. Babu yangu mzaa baba alibeba mizigo ya Mjerumani mmoja wa boma la Biharamulo, na watu wakazoea kumwita kwa jina la bwana wake: Müller, au Mula, kama tunavyolitamka sisi. Jina likamganda. Baba akalirithi, nami nikalikuta kwenye kadi yangu ya ubatizo. Ukoo wetu halisi tunao, ukoo mzuri tu wa Kihangaza, na mwiko wetu ni pongo, swala wa vichakani: hatumli hata tukilala njaa siku tatu. Lakini niambie, kijana aliyesoma jiografia kwa taa ya chemli, mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi, atajisifia pongo wakati ana nusu ya Ujerumani?

Ndipo wakimbizi wakaja. Mlima uliokuwa na mbuzi watatu jioni, asubuhi ulikuwa mji wa maturubai. Nikapata kazi kambini ya kupima mgawo: kopo la mahindi, kopo la maharage, anayefuata. Siku moja akapita mbele ya ghala fundi wa pampu za maji, Mzungu mrefu mwenye spana mkononi, na kwenye mfuko wa shati lake limeandikwa jina langu. Nusura nimmwagie mama wa watu maharage miguuni.

Fundi huyo alikuwa ameishi Tabora miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, jambo ambalo sikulikiri mbele ya watu.

"Ndugu yangu!" nikamkimbilia. "Hata mimi ni Müller!"

Akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndala. "Hongera," akasema.

"Sasa mwiko wetu ni nini?"

"Mwiko gani?"

"Kitu tusichokula, sisi akina Müller."

Akafikiri. "Mimi nakula kila kitu. Labda maharage. Maharage hayanipendi."

Nikarudi nyuma ya ghala, nikafungua daftari, nikaandika kwa mwandiko wa mtihani: *Ukoo: Müller. Mwiko: maharage.*

Miezi minane sikugusa maharage. Naomba msomaji aelewe nilikuwa wapi. Nilikuwa mahali ambapo maharage yalirundikwa juu kuliko kanisa, ambapo hata vumbi lilinuka maharage. Nilikula ugali kwa chumvi, nikala ugali kwa maji ya moto, siku nyingine nikala ugali kwa kuutazama tu. Bibi mmoja wa Kirundi kwenye foleni akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye unayegawa, mbona ndiye unayekonda?"

"Ni mambo ya ukoo, mama."

"Pole," akasema, kana kwamba nimemtajia ugonjwa.

Katika safari za lori la kambi nikasikia kwamba Biharamulo kuna familia nyingine yenye jina hilohilo. Sikulala mpaka nilipowatembelea. Mkuu wa nyumba alikuwa mzee aliyebakiwa na meno manne. Baba yake alikuwa amechunga punda wa Mjerumani aliyeitwa Müller.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni wako, babu. Sisi ni damu moja."

Nikamwaga historia yote. Wake walikuwa themanini sasa. Mzee akafurahi, akaagiza rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukanywa kwenye kibuyu kimoja tukaapa kuwa ndugu. Nilipomweleza kuhusu mwiko, sahani yake ya maharage ilikuwa imeshafika mkekani. Akaisukuma kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeaga.

Miezi mitano baadaye mjukuu wake wa kike akarudi kutoka Bukoba, alikokuwa akijifunza cherehani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wake themanini? Na majina yao alikuwa akiyakumbuka?"

Maishani mwangu sikuwa nimewahi kuulizwa swali la akili kwa upole kiasi hicho. Tangu siku hiyo kila safari ya lori nilikuwa juu ya magunia, na kila mara nilikuta naye ana sababu ya kuwa uani. Mara ya tatu akaniambia waziwazi, "Mwalimu mmoja ameshaleta barua ya posa. Babu atamjibu Jumapili hii. Kama una la kusema, liseme kabla."

Nikamtuma baba mdogo kesho yake alfajiri. Alirudi jioni ileile, kofia mkononi.

"Amekataa. Anasema hakuna mtu anayeoa damu yake."

"Damu ipi, baba mdogo?"

"Ulikunywa naye kibuyu na unaniuliza mimi?"

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Mzee hakunipa hata kigoda.

"Nani aliniambia sisi ni damu moja?"

"Mimi, babu."

"Nani aliniapisha?"

"Mimi, babu."

"Mimi mtu mzima, meno manne, kitu laini ninachoweza kutafuna ni maharage, nimeyaacha kwa ajili yako. Leo unataka kumuoa dada yako? Una haya wewe?"

Historia yote niliileta mwenyewe, nikaipamba, nikaitia chumvi, na sasa ilikuwa imesimama mlangoni kama mlinzi na kunizuia mimi. Ni yule binti aliyenifungulia, akiwa na sindano mdomoni.

"Babu, huyu ni mwongo."

Nilikuwa nimeitwa mwongo mara nyingi, lakini siku hiyo neno hilo lilinipendeza kuliko sifa.

"Huyo fundi yupo," akaendelea. "Na lori linarudi kambini sasa hivi. Kamuulize, jibu la mwalimu ni kesho."

Mzee akavaa koti lake la Pasaka, akapandishwa mbele kwa dereva. Mimi nikakaa juu ya magunia, nikiomba Mungu anifanye nisiwe mtu wa Ujerumani hata kidogo.

Tulimkuta fundi akifunga bomba karibu na mashine ya kusaga, pale wakimbizi walipopanga foleni na mahindi yao. Akajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja na swali moja. Wewe, mimi na kijana huyu, ni ukoo mmoja?"

Fundi akanitazama, nadhani akakumbuka. Hakucheka, Mungu ambariki. Akanyoosha spana kuelekea kwenye mashine, ambako mtu mmoja alikuwa akimimina mahindi, nyusi nyeupe pe kwa unga.

"Unamwona yule, mzee? Yule ndiye Müller. Ni kazi, si ukoo. Maana yake ni msagaji. Zamani kwetu karibu kila kijiji kilikuwa na kinu, na mwenye kinu aliitwa hivyo, kama mhunzi alivyoitwa kwa kazi yake na mshonaji kwa yake. Baadaye majina yakaandikwa, watoto wakabaki nayo hata kama hawajasaga punje moja. Ndiyo maana hakuna jina lililoenea kwetu kuliko hilo. Vinu vilikuwa vingi."

"Na yule mzee wa wake themanini?" nikauliza kwa sauti ya panya.

"Sijamsikia."

"Na yule wa mizigo na yule wa punda?" mzee akauliza.

"Huenda hawakuwahi kuonana."

Mzee akamtazama tena yule mtu wa mashine, kwa muda mrefu, kama anayemtafuta nduguye asimwone.

"Kwa hiyo kiapo kilikuwa bure, huyu si damu yangu."

"Si damu yako, mzee."

"Basi," akaniambia bila kunigeukia, "baba yako mdogo aje kesho, kabla ya ibada, kabla ya mwalimu." Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye lori, akasimama. "Na maharage?"

"Maharage," fundi akasema, "ni tumbo langu tu."