Dakika Kumi Nilizomnyima Akinyi

Sogea karibu nikueleze, maana jambo hili limenichukua miaka mingi kulisema. Harufu ya daftari lililolowa maji hunirudisha mtaa wa Jericho, Nairobi, kwenye chumba chetu kimoja, ambako dada yangu Akinyi alisoma akiwa ametumbukiza miguu katika beseni la maji baridi chini ya meza. Ndivyo watahiniwa wa mtaa wetu walivyofukuza usingizi. Maji yakipata joto, mdogo wa nyumba huyabadilisha. Mdogo huyo nilikuwa mimi, mwenye umri wa miaka tisa, na nilikuwa na kazi nyingine: kumnyunyizia usoni akianza kusinzia. Mama, aliyeuza mitumba katika soko la Gikomba, aliamini kwamba kulala ni kwa wavivu, na Akinyi alikuwa akiitafuta nafasi ya shule ya bweni ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuipata.

"Huyu wenu kila saa anaosha miguu," jirani yetu Mama Njeri alitania mlangoni. "Kwani anaolewa?"

Tulicheka sote. Akinyi alicheka akiwa amechelewa, kama mtu aliyesikia kutoka mbali.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani wa darasa la nane, tulipotoka kanisani, Mama alikwenda kumwona mgonjwa. Akinyi akalaza shavu juu ya kitabu cha hesabu. "Awuor, tafadhali, niache dakika kumi tu. Hata tano."

"Mama amekataa. Nitamwambia!"

Nikammwagia kikombe kizima cha maji. Akaketi wima, akasoma ukurasa uleule mara tatu, midomo ikitikisika, na hakuna kilichoingia. Niliona. Nikadhani ananichezea.

Jumanne, katikati ya karatasi ya hesabu, somo alilonifundisha mpaka nikaongoza darasani kwetu, Akinyi alilala. Msimamizi alipomgusa bega, zilikuwa zimebaki dakika chache na nusu ya maswali hayajaguswa. Alifika nyumbani bila kulia. "Nililala, Awuor," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Nafasi ile haikuja. Akinyi akaenda Gikomba kufungua marobota pamoja na Mama, na miaka minne baadaye mimi ndiye niliyekwenda bweni, nikiwa na sweta aliyonichagulia. Leo mimi ni mwalimu katika mtaa wa Donholm. Darasani kwangu, baada ya chakula cha mchana, watoto hulaza vichwa kwenye madawati, nami huwaeleza wazazi wanaonuna kwamba akili huyapanga yaliyosomwa mtu akiwa amelala. Ukimnyima mtoto usingizi, umemnyima pia alichosoma. Wao huelewa. Mimi nilielewa nikiwa nimechelewa. Majuzi nilimwomba Akinyi msamaha. Aliendelea kukunja nguo. "Ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilitaka kulala tu."

Kwa hiyo, kama una mtahiniwa nyumbani, leo alasiri akianza kusinzia, mfungie kitabu, mfunike shuka, na umwamshe taratibu baada ya dakika ishirini.