Mkalimani wa Mnyonya Damu

Keraryo wa Mugeta hakujua Kiingereza, na kwa miaka kumi na miwili alikitafsiri. Kila Stanislausi wa Nyakato alipoleta mashine yake ya sinema na jenereta, Keraryo alisimama kando ya shuka la picha na fimbo yake, akawaeleza watu nani anasema nini. Kwenye shuka wakisema maneno matatu, yeye alitoa thelathini. Nani amkosoe? Kiingereza kilijulikana kwa mwalimu mkuu peke yake, na mwalimu mkuu naye alikuja kumsikiliza Keraryo.

Basi mwaka 1979, vita vya Kagera vimepamba moto, Stanislausi akaleta filamu ya askari mnyonya damu. Jamani, filamu mbovu ile! Jeshi zima watu watano, wanakufa upande huu, wanaibukia upande ule wamebadili kofia. Mnyonya damu mwenyewe jino lilimdondoka katikati ya kunyonya, akainama akaliokota. Na Stanislausi alichanganya mikanda, wa tatu ukatangulia wa pili, waliokwisha kuzikwa wakaonekana wanakunywa chai.

Watu wangecheka wakaenda zao. Lakini Keraryo hakuwa mtu wa kuacha kitu kibovu kibaki kibovu. Akasema huyo ni mumiani, ana gari jeupe, hufuata vita ili avune damu kwa sindano, na aliyetolewa damu hutembea hali amekufa, ndiyo maana mnawaona hao na vikombe vyao. Katika ghala la pamba walimokaa, madirisha yamezibwa kwa magunia mchana kweupe, watu wakaanza kusogelea mlango. Mzee Clementi, jirani aliyekosana naye tangu ng'ombe wa Keraryo walipokula pamba yake, alitoka mbio akaacha kiatu kimoja.

Wiki haijaisha, gari jeupe likaingia kijijini.

Alishuka muuguzi Jeska kutoka Musoma. Majeruhi wa vita wameletwa Musoma kwa meli, akasema, na damu inahitajika. Mmoja wao ni Robi, mtoto wa kiume pekee wa Keraryo, na bila damu hafiki Jumamosi. Keraryo alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Jeska akapima tone moja, akatikisa kichwa: damu ya baba na ya mwana haziendani, watafutwe watu wengine. Keraryo akageuka kuwatafuta hao watu wengine. Uwanja mzima ulikuwa na kuku wawili. Hata balozi wa nyumba kumi alikuwa amejificha shambani kwenye mtama.

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini wa Keraryo ulikuwa umemponza mwanawe. Alikaa chini akalia, mtu mzima, mbele ya kuku. Kisha akamwomba Jeska asubiri mpaka kesho, akapanda baiskeli mpaka Bunda alikokuwa Stanislausi, akamsihi arudi na filamu ileile.

Kesho yake asubuhi watu walikuja, maana sinema ya bure ni sinema ya bure, ila walijibana karibu na mlango. Keraryo akaanza upya. Huyu mnayemwona, akasema, si mumiani wala nini. Ni mchungaji wa ng'ombe asiyefundwa kutoa damu! Tazameni, anakwenda shingoni hajafunga kamba. Kibuyu cha kukingia yuko nacho? Hana. Ndiyo maana ng'ombe wake wote wanamfia. Jino lilipodondoka, Keraryo alisema hata mshale wake ni wa kuazima. Ghala lilicheka mpaka magunia yakaanguka madirishani.

Akamwambia Stanislausi azime mashine. Akasimama mbele ya shuka tupu.

“Kwetu tulikuwaga tunamtoboa ng'ombe shingoni, damu tunachanganya na maziwa, na ng'ombe anarudi kula majani. Clementi, wewe umewaonaga ng'ombe wangu. Kuna hata mmoja alikufa? Yale ya juzi nilitunga. Yote nilikuwaga natunga. Hiyo lugha siijui hata neno moja. Ila Robi anakufa kweli.”

Keraryo alijua amejivua nguo mbele ya kijiji, na hakujali.

Clementi akainuka pale mlangoni. “Kwani nani hakujua kwamba hujui?” akasema. “Tulikuwaga tunakuja kukusikiliza wewe.” Akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye gari jeupe, akakunja mkono wa shati. Nyuma yake ukatokea mstari, wa kwanza akiwa mwalimu mkuu, wa mwisho balozi, bado ana majani ya mtama kichwani. Clementi alifumba macho muda wote, akimuuliza Jeska kila mara kama bado yu hai.

Robi alirudi mwezi wa sita, anachechemea, amekonda. Alipofika njiapanda Clementi alikuwa shambani akipalilia. Akaacha jembe, akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono mpaka akausikia mshipa ukipiga.

“Hiyo ni yangu,” akasema. “Usije ukaimwaga tena.”