Wauguzi Sita wa Jumatano

Saa moja na nusu asubuhi, Blandina Kalinga anapita kati ya vitanda vya wodi ya wanaume, katika hospitali moja jijini Mbeya, akihesabu kwa kidole. Vitanda ni thelathini na viwili. Wagonjwa ni arobaini na mmoja. Waliozidi wamelala chini, na magodoro yamebanana kiasi kwamba muuguzi mwenye miguu mikubwa asingeajiriwa hapa.

"Sista, dripu imeisha!" anaita mgonjwa mmoja kutoka kitanda cha dirishani.

"Nimeiona, baba. Hata ningefumba macho ningeiona."

Ratiba ya zamu hii ina majina manne. Mmoja yuko likizo, mwingine ameazimwa na wodi ya watoto. Wa tatu, Gwakisa, anayemzidi Blandina cheo, amesaini kitabu cha mahudhurio, akasema "nakuja sasa hivi", akaelekea kwenye duka lake la dawa. Ndani ya sasa hivi ya Gwakisa unaweza kubandika maharage makavu, yakaiva, ukayaunga, ukala na kuosha sufuria, naye bado hajatokea.

Blandina, mwenye miaka 39, ana tabia moja inayowakera wenzake. Kila anapokabidhi zamu hufungua kitabu cha ripoti, akaandika idadi ya wagonjwa, kisha idadi ya wauguzi waliokuwapo kwa miguu yao, si kwa saini zao. Alianza mwaka jana, siku mzee mmoja alipoanguka kitandani na kuvunjika nyonga, wakati yeye yuko upande wa pili akimziba jeraha mgonjwa anayetokwa na damu.

"Mwanawe aliniuliza, 'Mlikuwa wangapi?' Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akatazama ratiba ukutani, akaona majina manne. Akaniona mwongo," anasema. "Tangu siku ile naandika."

Wenzake wamempa jina la Katibu. Akiingia chumba cha chai, maongezi hukatika. "Tunyamaze, Katibu anachukua muhtasari," husema Gwakisa, na hata vikombe hucheka.

Lakini kinachomuuma Blandina si hicho. Ni Ilula. Huko wilayani Kilolo mumewe, Anord, analima nyanya na kulea watoto wao wawili akisaidiwa na mama yake. Kwa miaka saba Blandina amekuwa akifika nyumbani mara nne kwa mwaka, akibahatika. Mtoto wa mwisho humwita bibi yake "mama". Blandina humwita "mama wa Mbeya".

"Kama vile mimi ni viazi vya Mbeya," anasema, anacheka, kisha anaacha kucheka.

Ameomba uhamisho mara tatu. Mara zote alijibiwa kwamba hakuna wa kuziba nafasi yake. Ikabaki njia wanayoitumia watumishi wengi: kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Alitangaza kwenye makundi ya simu kwa miaka miwili, hadi akampata Shamsudin, muuguzi wa zahanati moja huko Kilolo, ambaye mkewe anauza vitenge soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Wakakubaliana Shamsudin aje Jumatano, aione wodi, ndipo asaini fomu.

Jumatano hiyo Blandina alidhani amekosea hospitali. Walikuwapo wauguzi sita. Yule wa likizo alikuja. Magodoro ya chini yalikuwa yamehamishiwa korido ya nyuma, na harufu ya sabuni ilifika mpaka stendi. Gwakisa, mwenye soksi mpya, alikuwa anamlisha mgonjwa uji, anaupuliza kila kijiko.

"Usishangae, Katibu," alimnong'oneza. "Tunakusindikiza. Mwenzio akisaini, wewe unakwenda kula nyanya zako, sisi tunapumzika na hicho kitabu chako."

Shamsudin akaingia. "Kamwene, dada," alisema, kwa salamu ya Kihehe aliyojifunza Kilolo. Blandina anakiri salamu hiyo ilimkumbusha nyumbani. Nusura apande basi siku hiyohiyo na sare yake.

Mgeni alizunguka wodi nzima, meno nje. "Dada, hapa ni peponi! Kule mimi ndiye mkunga, mimi mtoa dawa, mimi mlinzi. Lete fomu."

Blandina alikwishasaini sehemu yake. Akampa kalamu.

"Nilimwona anainamia meza," anasimulia. "Nikamwona mwanangu ananikimbilia. Halafu nikamwona yeye Shamsudin, yuko peke yake humu, mzee yuko sakafuni, anaulizwa walikuwa wangapi."

Akakiweka kitabu cha ripoti juu ya fomu.

"Soma kwanza, kaka. Hawa sita wamekuja kwa ajili yako. Kesho hawapo."

Shamsudin akasoma. Muuguzi mmoja, wagonjwa 38. Wauguzi wawili, wagonjwa 44. Muuguzi mmoja, wagonjwa 41. Alipofika kama ukurasa wa ishirini, akafunika kalamu, akaaga kwamba anakwenda kuzungumza na mkewe.

Gwakisa alingoja atoke mlangoni. "Wewe dada umelogwa? Tumekupambia harusi, bwana harusi kafika, wewe unamwonyesha vidonda!"

"Angeviona mwenyewe," Blandina alimjibu. "Na wewe ungekuwa dukani."

Hii ni wiki ya tatu. Shamsudin hajasaini, wala hajakataa. Jana alituma ujumbe: "Dada, mke wangu anasema nije hivyohivyo. Mimi ndiye naogopa."

Blandina hamlaumu. Amenakili kurasa hamsini na nne za kitabu kile, na Jumatatu anazipeleka kwa uongozi wa hospitali kuomba wauguzi wawili waongezwe, ili atakayekuja, awe Shamsudin au mwingine, apate mwenzake. Shamsudin akishindwa kuja, atatangaza tena.

Mtoto wake wa mwisho anaanza darasa la kwanza Januari. Anord alitaka kumshonea sare mapema, kabla fundi hajaelemewa na kazi. Blandina akampigia kumzuia.

"Nimemwambia asubiri mpaka Desemba, nimpime mimi mwenyewe," anasema. "Nilimpigia fundi kuulizia bei, akaniuliza urefu wake. Sikuujua."