Alama za Hiram na Jina la Edinah

Mwaka 2006 mtaa wetu wa Kitale ulikuwa na habari tamu kuliko chai ya harusi: Hiram Mukhisa anapigwa na mke wake. Hiram ni dereva wa trekta, mtu wa kujaza mlango. Edinah, mke wake, hata akivaa viatu virefu humfikia kifuani. Lakini alama nyeusi zilionekana na kila mtu: leo mkononi, kesho begani.

Ukweli haukuwa na utamu wowote. Damu ilikuwa imemganda Hiram mguuni, hospitali ikampa vidonge vya kuzuia isigande tena. Kwa mtu anayevimeza, hata kugonga usukani kidogo huacha alama. Daktari alimwonya: ukitokwa na damu puani au kwenye ufizi, njoo haraka, na usimeze dawa nyingine bila kuniuliza.

Hiram akamkataza Edinah kusema. Tajiri wake akijua ni mgonjwa, trekta itapewa mwingine. Afadhali watu wafikirie anapigwa! Yeye akabaki na trekta, mama wa watu akabaki na jina la bondia.

Habari ikafika Bungoma. Wakoli, kaka mkubwa wa Hiram, akapanda Kitale kumrudisha shemeji yake kwao.

“Hizi alama umetoa wapi?”

“Niligonga mlango.”

“Ati mlango! Na chapati pia unapikiwa na mlango, bana?”

Edinah akamtazama mume wake. Hiram akatazama dari. Basi Edinah akatoa sanduku, akaanza kukunja nguo. Hiram akainama kumzuia, na damu ikamtoka puani, ikakataa kusimama.

Wakoli akaruka. “Si sote tumekaa hapa? Nani amempiga?”

“Dawa ya damu, shemeji,” Edinah akasema. Akamgeukia mumewe. “Na zile dawa za maumivu ya goti ulinunua dukani, umemeza?”

Hiram akaitikia kwa kichwa, shati lote jekundu.

Hospitalini, nesi alisema dawa ya goti ndiyo iliyozidisha mambo. Damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Kisha akaona alama za mabegani, naye habari ya mtaa alikuwa ameisikia. “Na hizi, mama? Ni wewe?”

Edinah akachukua mkoba wake, akasimama kuondoka.

“Ni dawa!” Hiram akapaza sauti, wodi nzima ikageuka. “Huyu hajawahi kunigusa hata na mwiko!”

“Sema tena,” Edinah akamwambia. “Shemeji amesimama kule mlangoni.”