Dada Yangu Hashiki Bunduki

Dada yangu amejitolea vitani, kule Kongo, kubeba majeruhi na kuwafunga vidonda. Hashiki bunduki. Jumapili, katika kanisa letu la Ipyana, mchungaji aliita mbele familia za askari walioko huko ili waumini tuwape mkono. Bibi, ambaye magoti yanamsumbua, akanigusa ubavuni.

"Nenda, mjukuu wangu."

"Dada si askari, bibi."

"Kwani risasi inauliza?"

Niliogopa macho ya watu, nikabaki kwenye benchi. Familia mbili zilipewa mikono na vigelegele. Watu walipokwisha kutoka ndipo niliposimama nikasema, "Na dada yangu pia yuko huko."

Bibi peke yake aliitikia, "Ndaga," asante yetu ya Kinyakyusa.